Mgonjwa wa Akili na Mtumwa wa Pombe: Nani Mwenye Kuwachunga?

Katika parokia zetu za bonde la Ruzizi, tangu Kamanyola mpaka Uvira, kila katekista anajua watu wa namna tatu. Wa kwanza ni kijana aliyepotewa na akili, ambaye jamaa wamemfunga kamba nyuma ya nyumba kusudi asichome nyumba za watu. Wa pili ni baba ambaye mikono yake inatetemeka asubuhi mpaka apate kanyanga. Wa tatu ni msichana mwenye kifafa, ambaye hakuna mtu anayekubali kula naye katika sahani moja. Watu hawa wanaletwa kwa padri. Padri anawabariki, halafu anasema: “Mumpeleke hospitali.” Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Hospitali gani? Nani atampokea? Nani atalipa? Na akikataliwa mlangoni, jamaa wamwendee nani?

Pengine mtu atasema kwamba maulizo hayo ni ya wakubwa wa serikali, wala hayamhusu mchungaji wa roho. Sivyo. Mgonjwa asiyejua mlango wake anarudi kwenye kamba ile ile. Kwa hiyo yapashwa kila padri na kila katekista ajue namna kazi hii inavyotawaliwa katika nchi yetu: nani anaamuru, nani anatunza, nani analipa, na Eklezya inasimama wapi katikati yao. Tutaeleza mambo hayo moja moja.

1. Haki iliyoandikwa

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 47, inaahidi kila mtu haki ya afya. Kifungu cha 16 kinafundisha kwamba mtu ni kitu kitakatifu, na kinakataza kumtesa au kumtendea kama mnyama. Hakisemi kwamba aliyepotewa na akili ametolewa katika hesabu ya watu. Sheria ya tarehe 13 Desemba 2018 iliweka misingi ya kazi yote ya afya katika nchi. Tena sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inawalinda watu wenye kilema.

Jirani zetu wameongeza kitu kingine. Tanzania iliandika sheria ya pekee ya afya ya akili mwaka 2008, Uganda mwaka 2018, na Kenya ilitengeneza upya ya kwake mwaka 2022. Sheria za namna hiyo zinasema nani anaweza kumlaza mgonjwa kwa nguvu, kwa siku ngapi, na nani atakwenda kuangalia kama anatunzwa vizuri. Kwetu hakuna sheria ya pekee ya namna hiyo. Mgonjwa wa akili yuko chini ya sheria ya wagonjwa wote. Jambo hili lina uzuri wake: yeye ni mgonjwa kama wengine, na kituo cha afya hakina ruhusa ya kumfukuza eti “ugonjwa huu si wetu.” Lakini lina ubaya wake pia: siku jamaa wanapomfunga, hakuna ukurasa wa sheria wenye kuwaonyesha mpaka.

2. Ngazi tatu za afya

Utawala wa afya katika Kongo ni kama ngazi ya vipandio vitatu. Kipandio cha juu ni Ministeri ya Afya, Kinshasa. Hapo wanaandika kanuni, wanachagua dawa zinazopashwa kuwa katika nchi, na wanapanga mafundisho ya watumishi. Kipandio cha katikati ni provinsi. Katiba imezipa provinsi kazi ya kupanga matunzo ya wagonjwa, na kila provinsi ina Divisioni ya Afya yake. Ile ya Kivu ya Kusini makao yake ni Bukavu. Kazi yake ni kuangalia na kusaidia zoni za afya.

Kipandio cha chini ni zoni ya afya, na hicho ndicho tunachopashwa kujua kuliko vingine, kwa maana hapo ndipo mgonjwa anagusa serikali kwa mkono. Zoni zilianza katika miaka ya 1980, baada ya mkutano mkubwa wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliosema kwamba matunzo ya kwanza yawe karibu na watu. Mwaka 1985 zilikuwa 306. Siku hizi zimepita 500. Kila zoni ina Munganga Mkubwa wa Zoni pamoja na wasaidizi wake, na hospitali moja kubwa. Zoni imegawanyika katika maeneo ya afya. Kila eneo lina kituo cha afya, na mkubwa wa kituo ni muforomo. Pembeni yake iko komite ya watu wa eneo, ile iitwayo CODESA, pamoja na watumishi wa vijiji, wale tunaowaita rele, ambao wanatembea nyumba kwa nyumba.

Tuangalie vizuri: mpaka wa zoni si mpaka wa parokia, wala si mpaka wa teritwari. Kamanyola iko katika teritwari ya Walungu, katika ufalme wa Ngweshe. Lakini ukishuka kidogo tu bondeni, umekwisha ingia teritwari ya Uvira. Na ngambo ya Ruzizi ni Bugarama ya Rwanda, tena Burundi iko karibu. Kwa hiyo padri asikisie. Amwulize muforomo: “Kijiji hiki ni cha eneo gani la afya, na eneo hili ni la zoni gani?” Jibu la ulizo hilo ndilo linaloonyesha mlango wa mgonjwa.

3. Programu mbili kwa mtu mmoja

Kwa magonjwa ya akili, Ministeri ina Programu ya Taifa ya Afya ya Akili, iliyoundwa mwaka 2001. Kwa utumwa wa pombe, bangi na sumu nyingine, iko programu nyingine, ile inayopigana na mazoea ya madawa ya kulevya. Watu wengi wanafikiri kwamba programu ni hospitali. Programu si hospitali. Kazi yake ni kuandika namna ya kutunza, kufundisha wanganga na waforomo, na kuhesabu wagonjwa. Matunzo yenyewe yanapashwa kutolewa katika zoni: katika kituo cha afya kwanza, na katika hospitali kubwa kama ugonjwa unapita uwezo wa kituo. Shirika la Afya la Ulimwengu nalo lilianza mwaka 2008 kufundisha mpango wa namna hiyo, kusudi muforomo wa kawaida aweze kutambua kifafa, wazimu, huzuni kubwa na utumwa wa pombe, na kuanza dawa bila kungoja munganga wa mji mkubwa.

Mpango huo ni mzuri. Lakini angalieni yule kijana mwenye kamba. Mara nyingi alianza na bangi na kanyanga, ndipo akili ikapotea. Ao akili ilianza kuyumba, naye akatafuta usingizi katika chupa. Ana magonjwa mawili katika kichwa kimoja. Programu ya kwanza inamwona nusu, ya pili inamwona nusu. Wazee wa pwani wanasema: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Muforomo wa kituo ndiye pekee anayemwona mtu mzima, na kama hakufundishwa, hakuna anayemwona.

Juu ya pombe, mambo ni magumu zaidi. Ngambo ya Ruzizi, sheria ya Rwanda imeweka kanyanga pamoja na madawa yaliyokatazwa. Upande wetu inauzwa sokoni, mbele ya macho ya watu wote. Tanzania ilikataza vifuko vidogo vya pombe kali tarehe 1 Machi 2017. Tena tangu mwaka 2011, hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam inawapa watumwa wa heroini dawa iitwayo metadoni, kila siku, mbele ya macho ya mtumishi. Huko serikali imekubali kwamba mtu wa namna hiyo ni mgonjwa wa kutunzwa, si mwizi wa kufukuzwa tu. Kwetu pombe ina wakubwa wengi: mwenye kutoza kodi ya soko, mwenye kupima bidhaa, mwenye kutangaza makatazo, polisi mwenye kufunga. Lakini mlevi mwenyewe hana mkubwa. Hapo ndipo upungufu wa utawala wetu unaonekana wazi.

4. Eklezya ndani ya kazi ya watu wote

Wengine wanashangaa kusikia kwamba katika Kivu kazi kubwa ya magonjwa ya akili inachukuliwa na watawa. Ndivyo ilivyo. Katika Bukavu iko SOSAME, iliyoanza mwaka 1994, wakati wakimbizi wengi wa Rwanda walipoingia na mioyo iliyovunjika. Inaongozwa na Mabruda wa Upendo, wale waitwao Frères de la Charité. Mabruda hao hao wana Tulizo Letu katika Goma, Kamenge katika Bujumbura, na Ndera karibu na Kigali. Shirika lao liliundwa na padri Peter Joseph Triest katika Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807. Muda mfupi baadaye walianza kuwatoa wagonjwa wa akili katika minyororo na vyumba vya giza vya mji ule, na munganga Joseph Guislain akafanya kazi pamoja nao. Tujue basi kwamba wazungu nao waliwafunga wagonjwa wao. Kamba si aibu ya Afrika peke yake. Iliondolewa na watu waliokubali kukaa na wagonjwa.

Lakini tusikosee. Kituo cha Eklezya si duka la Eklezya, wala si nchi ndani ya nchi. Kila jimbo lina ofisi ya kazi za afya, ile iitwayo BDOM, yenye kuongoza vituo na hospitali za jimbo. Vituo hivyo vimeingia katika mpango wa zoni: vinafuata kanuni za Ministeri, vinapeleka hesabu kwa Munganga Mkubwa wa Zoni, na vinapokea wagonjwa wote bila kuuliza dini. Mapatano makubwa kati ya Kiti Kitakatifu na nchi yetu, yaliyotiwa sahihi tarehe 20 Mei 2016 na kuanza kufanya kazi mwaka 2020, yanakubali kazi hizo za Eklezya kwa faida ya watu wote.

Katika mapatano ya namna hiyo iko hatari moja. Serikali ikiona mabruda wanafanya kazi, inaweza kusahau kwamba deni ni lake. Na sisi, tukiona kazi inaitwa ya serikali, tunaweza kusahau kwamba mgonjwa ni ndugu yetu. Eklezya inasaidia mwenye deni, haimfutii deni. Padri anayempeleka mgonjwa Bukavu afanye hivyo kwa moyo wote, lakini amwandikie pia Munganga Mkubwa wa Zoni kumwambia kwamba zoni yake haikuwa na dawa.

5. Feza na dawa

Mgonjwa wa malaria analipa mara moja, anapona. Mgonjwa wa akili na mwenye kifafa wanapashwa kumeza dawa miezi mingi, pengine miaka. Ndiyo sababu feza inawashinda. Mwaka 2023 serikali ilianza mpango wa matunzo ya bure, lakini ilianza na mama wenye kuzaa na watoto wachanga. Mgonjwa wa akili angali anategemea mfuko wa jamaa yake. Jamaa wanauza mbuzi, wanapanda njia ya Ngomo mpaka Bukavu, mgonjwa analazwa, anatulia, anarudi Kamanyola akiwa mtu mzima. Watu wanashangilia. Baada ya miezi miwili vidonge vimekwisha, ugonjwa unarudi, nao wanasema: “Tuliwaambia, ni uchawi, dawa ya wazungu haiwezi.” Lakini dawa haikushindwa. Ilikatika njiani, kati ya Bukavu na Kamanyola.

Kumbe dawa zilizo nyingi si za ajabu. Fenobarbitali ya kifafa ni ya zamani na ya bei ndogo. Haloperidoli na amitriptilini zimo pia katika hesabu ya dawa za lazima. Katika Bukavu iko ghala ya dawa ya ndugu Waprotestanti wa CEPAC ambayo inauzia zoni na vituo vya kila dini. Lakini ghala haipeleki dawa ambayo kituo hakikuomba. Na kituo hakiombi kama hakuna mgonjwa aliyeandikwa kitabuni. Na mgonjwa haandikwi kama amefichwa nyuma ya nyumba. Ndivyo kamba inavyomfunga mtu mara mbili: inafunga mwili wake, na inamtoa katika hesabu ya serikali.

Iko pia njia ya mituele za afya, ambazo majimbo yetu yamesaidia kueneza: watu wanatoa feza kidogo kila mwaka, nazo zinawasaidia wakati wa ugonjwa. Kabla ya kuwahimiza wakristu kuingia, padri aulize kama mituele inakubali magonjwa ya akili na kifafa. Kama haikubali, aombe hilo katika mkutano wa wenye mituele, kwa maana wanachama ndio wenye neno.

6. Kasho na chumba cha maombi

Pahali pawili panachukua wagonjwa kuliko hospitali: kasho ya polisi na chumba cha maombi. Tuseme wazi juu ya zote mbili.

Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema kwamba polisi hawana ruhusa ya kumweka mtu kasho zaidi ya masaa 48 bila kumpeleka mbele ya mwenye kuhukumu. Sheria hiyo ni ya mlevi na ya mwenye wazimu pia. Lakini iko sababu nyingine, ya uganga, ambayo wachache wanaijua. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku miaka mingi, akinyimwa ghafula, anaweza kuanguka kama mwenye kifafa katika siku mbili za kwanza. Na siku ya pili, ya tatu ao ya nne anaweza kuona vitu visivyokuwapo, mwili kuwaka moto, hata kufa. Watu wanasema: “Mashetani yanamtoka.” Si mashetani, ni mwili unaolilia sumu uliyoizoea. Muforomo anaweza kumsaidia kwa diazepamu, vitamini B1, maji na usiku wa kulindwa. Kwa hiyo mlevi wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya kwanza. Kasho inaweza kumwua bila mtu kumpiga hata fimbo moja.

Chumba cha maombi nacho kinaweza kuua, kama kinamfungisha mtu huyo chakula, ao kinamwambia mwenye kifafa atupe vidonge vyake kuonyesha imani. Kuacha fenobarbitali ghafula kunaleta kifafa kisichokoma. Sisi mapadri tunayo sheria yetu: kanuni ya 1172 inakataza mtu yeyote kumfukuza shetani kwa mtu bila ruhusa ya pekee na wazi ya askofu, na askofu humpa padri mwenye ibada, elimu, busara na maisha safi tu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu munganga na dawa, kwa maana Mungu ndiye aliyeviumba. Mpako wa wagonjwa na kidonge havigombani.

7. Wakati wa vita

Mwezi wa Februari mwaka 2025 waaskari wa M23 waliingia Bukavu, kisha Kamanyola. Serikali ya provinsi ilihamia Uvira, na mwezi wa Desemba vita ikafika Uvira nako. Ngazi ikivunjika juu na katikati, ni nini kinachobaki? Kinachobaki ni kipandio cha chini: muforomo ambaye hakukimbia, komite ya eneo, rele, katekista, na jamaa. Wakati huo huo vita inaongeza wagonjwa: waliolala porini, mama waliotendewa mabaya, vijana waliozoea bangi katika vikundi vya silaha. Kwa hiyo tusingoje amani kabla ya kutengeneza kipandio cha chini. Hicho ndicho kinachobeba mzigo siku vingine vinapoanguka.

8. Yapashwa tufanye nini?

Kwanza: kila parokia ichague mkristu mwenye busara aingie katika CODESA ya eneo lake. Komite hiyo ina haki ya kuuliza juu ya feza na dawa za kituo. Aulize kila mwezi: “Dawa za kifafa na za akili ziko?”

Pili: katekista awahesabu wagonjwa waliofichwa katika mashirika yake, kwa siri na heshima, na kuwapeleka kwa muforomo mmoja mmoja kusudi waandikwe kitabuni. Asisome majina yao kanisani.

Tatu: mgonjwa anayerudi toka Bukavu arudi na barua ya munganga mkononi, na barua hiyo ifike kwa muforomo wa kijijini kabla vidonge havijakwisha. Bila barua hiyo, safari yote ya Ngomo ni bure.

Nne: jamaa waliomfunga mtu wasitukanwe. Walifunga kwa hofu, kwa kuwa hawakuona mlango mwingine. Wasaidiwe kwanza kupata dawa. Mgonjwa akitulia, kamba itafunguliwa na mkono ule ule ulioifunga.

Tano: ninyi waseminari, wakati wa mazoezi ya kichungaji, mwende kuwasalimu Munganga Mkubwa wa Zoni na muforomo kama mnavyokwenda kuwasalimu chifu na walimu. Mjue majina yao kabla ya siku ya taabu.

Katika Injili ya Marko, sura ya 5, tunasoma juu ya mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini, ambaye watu walimfunga minyororo mara nyingi wakashindwa. Yezu alipomponya, yule mtu aliomba kumfuata katika chombo. Bwana hakukubali. Alimrudisha nyumbani, kwa watu wake. Basi uponyaji haukuishia penye muujiza. Uliishia katika kijiji chake, kwa wale wale waliomfunga zamani. Na kijiji hicho ndicho sisi tumepewa kukichunga.